"Si linatembea?" Uzoefu wangu na fundi mmoja wa Iringa mjini

Naanza na hukumu kabisa ili mwenye haraka aondoke nayo: usimpelekee fundi simu gari la rimoti. Hata kama duka lake lina vioo na taa za rangi, hata kama ana ile hadubini ya kutazamia saketi, usimpelekee. Sasa kaa nikusimulie, maana nikikumbuka mwili unapata joto, na kwa baridi ya Iringa ya mwezi wa saba hilo si jambo dogo.

Gari lenyewe ni Hornet ya Tamiya, kampuni ya Kijapani ya magari madogo ya kujenga. Wanaoijua wameshatabasamu. Lilitoka mwaka 1984, baadaye likaacha kutengenezwa, halafu mwaka 2004 Wajapani wakalirudisha karibu na lilivyokuwa: bodi nyeusi, dereva wa plastiki mwenye helmeti, matairi ya nyuma yenye miiba. Linakuja vipandevipande ndani ya boksi, unalijenga kwa mkono wako. Vipimo vyake katafute mwenyewe. Mimi nauza pembejeo Mlandege, nina miaka 40 na ushee, nina mabinti wawili, na gari hili si la mtoto. Ni langu mimi. Sentensi hiyo nimeisema mara nyingi kuliko nilivyotaja bei ya mbolea ya kupandia.

Nilipokuwa darasa la nne, mtoto wa daktari mmoja wa misheni alikuwa na gari la namna hii. Tulikuwa tunapanga foleni ili kila mmoja ashike rimoti kidogo. Zamu yangu ilipofika, betri ikaisha. Ndiyo hadithi yote, haina mwisho mwingine.

Boksi nililifungua usiku, duka limefungwa, watoto wamelala. Nililijenga kwa muda wa kama wiki mbili, nusu saa leo, saa moja kesho, umeme ukikatika naendelea na tochi ya simu mdomoni. Kitabu cha maelekezo ni michoro mitupu, hata asiyejua kusoma atafika. Lakini kuna kitu kimoja michoro haikunifundisha, nilikipata kwa vidole. Skrubu nyingi zinaingia kwenye plastiki tupu, hakuna nati upande wa pili. Skrubu yenyewe ndiyo inayochonga njia yake. Ukiifungua ukairudisha kwa pupa, inachonga njia ya pili juu ya ile ya kwanza, na tundu limekwisha, halishiki tena. Dawa yake ni kuizungusha kwanza kinyume, polepole, kama unafungua, mpaka uhisi imedondoka kidogo: tik. Hapo imeikuta njia yake ya zamani. Ndipo unaifunga. Nilipogundua hivyo nikawa nafungua na kufunga skrubu moja bila sababu yoyote, nisikie tu ile tik.

Bushi za plastiki niliziweka kando, nikatia beringi, zile za milimita 11 kwa 5, kwa sababu vumbi letu jekundu nalijua. Bodi inapakwa rangi kwa ndani, si kwa nje. Hiyo nayo ilikwenda vizuri, sina la kusimulia. Kwenye rimoti niliamua kuwa mkaidi. Badala ya hizi za kisasa nikachukua ya mtumba, ya masafa ya megahezi 27, vijiti viwili na antena ndefu ya kuvuta, ili iwe kama ile ambayo sikuwahi kuishika. Nilipoivuta antena sebuleni, mama watoto akauliza kama tunakwenda kuvua Mtera.

Siku ya kwanza nililipeleka uwanjani Kihesa, Jumapili baada ya ibada. Jamani. Nyuma ya gari hili mota, gia na ekseli ni pande moja, vinapanda na kushuka pamoja, kwa hiyo kila likikuta tuta mkia unarushwa juu. Linaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Watu wa magari ya kisasa wanaliona hilo ni kasoro. Mimi nilicheka peke yangu mpaka machozi. Betri inakaa dakika kama 20, na dakika hizo 20 watoto wa mtaa mzima walikuwa nyuma yake, wengine bila viatu, wakipiga kelele "Linakuja! Linakuja!" Kila mmoja alishika rimoti. Nilihakikisha.

Wiki ya tatu au ya nne hivi likapiga jiwe. Mawe Iringa hatuna shida nayo, tunayo mpaka tumeyapa majina na hadithi. Waya mmoja ukachomoka kwenye mota, pale ulipochomewa kwa risasi. Waya mmoja tu. Kazi ya dakika tano kwa mwenye kifaa cha kuchomea, ila mimi sina.

Ndipo nikaingia kwa huyo kijana.

Simtaji yeye wala mtaa wake, wa mjini watanielewa. Aliamkia vizuri, "Shikamoo mzee," nami nikaitikia. Nikamwonyesha waya. Nikamwambia kwa maneno haya haya: "Uchomee hapa tu. Usifungue kitu kingine." Akalishika gari kwa tairi moja, kama mtu anayemshika panya mkia, akaligeuza, akasema, "La mjukuu?" Nikasema ni langu. Akamtazama mwenzake. Mwenzake akainamia simu ya mteja, mabega yakawa yanatikisika. Sawa. Nimezoea. Akasema nirudi jioni, elfu kumi na tano. Elfu kumi na tano kwa waya mmoja! Nikakubali, maana nilitaka kutoka pale.

Jioni nimerudi. Gari liko juu ya kaunta, limefutwa vumbi, nakiri lilifutwa. Nikawasha, nikasukuma kijiti mbele.

Likarudi nyuma. Likaanguka kutoka kwenye kaunta, nikalidaka kwa tumbo.

Alikuwa amefumua na ule waya mwingine uliokuwa mzima, akachomea vyote viwili kwa kupishanisha. Nikamwambia, "Kijana, nasukuma mbele, linarudi nyuma." Akachukua rimoti, akajaribu yeye mwenyewe, gari likarudi nyuma mbele ya macho yake, akanirudishia rimoti na kusema:

"Si linatembea?"

Nimelala na maneno hayo. Nimeamka nayo. Napimia mteja mbegu za mahindi, nayasikia. Si linatembea? Ndiyo, linatembea! Hata ng'ombe anatembea! Na msije mkaniambia nigeuze ile swichi ya rimoti inayofanya mbele iwe nyuma, hilo nalijua. Ukigeuza, kile kidude cha kudhibiti mwendo kinadhani muda wote uko kwenye rivasi, na rivasi yake imepunguzwa makusudi. Gari linakwenda mbele kwa aibu, kama bibi harusi.

Akaongeza, "Mtoto hawezi kujua tofauti, mzee." Mtoto gani? Nikamuuliza, mtoto gani?

Nilipolitazama vizuri nikaona makubwa. Mota inakuja na kapasita ndogondogo, za ukubwa wa dengu, zimechomewa pale nyaya zinapoungwa. Hazikuwepo. "Zile hazina kazi," akasema, "nimekupunguzia uzito." Huyu anajiita fundi wa redio na simu! Ndani ya mota kaboni zinasugua na kutoa cheche, na cheche ni kelele kwa redio. Mkulima yeyote amewahi kusikia redio yake inanguruma pikipiki ikipita karibu. Kapasita ndizo zinazomeza kelele hiyo. Rimoti za kisasa zingevumilia. Ya kwangu ya megahezi 27 haivumilii hata kidogo. Nilipolijaribu nje ya duka lake magurudumu ya mbele yakaanza kutetemeka kama ya mlevi, kushoto kulia kushoto, likajiendea lenyewe mtaroni.

Na nyumba ya gia ilikuwa imefunguliwa. Kwa nini? Waya uko nje! Vichwa vya skrubu nne vilikuwa vimelika, vimekuwa mviringo, vinang'aa kama kijiko. Na skrubu moja ndefu haipo kabisa, upande mmoja wa nyumba ya gia umeachama, vumbi linaingia kama kwake. Hapo nikapandisha sauti. Nilisema mengi mbele ya wateja wake, mengine ya Kihehe, sitayaandika. Nilidai elfu kumi na tano yangu irudi, akakataa. Nilimwita mwizi wa skrubu. Akajibu kwa utulivu ulioniudhi kuliko tusi, "Mzee, mimi nikuibie skrubu nikafanyie nini?"

Kwa hasira nikalichukia na gari. Usiku ule nilimwambia mama watoto kwamba pesa ile ningenunua bati. Akasema, "Ulisema." Sikuwahi kusema, alisema yeye.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi pikipiki, anakaa kule chini Ipogolo, chini ya turubai, malori ya barabara kuu yakipita mgongoni kwake. Naye si malaika. Alinikalisha saa tatu nzima, akila mihogo, akihudumia kila bodaboda aliyefika baada yangu. Lakini alipolishika gari alilishika kwa mikono miwili. Akatazama skrubu, akacheka kwa pua.

"Wametumia nyota," akasema. "Hizi si nyota. Hizi za Mjapani."

Miaka yote hiyo nilidhani alama ya msalaba ni alama ya msalaba. Kumbe bisibisi ya nyota ya kawaida ina ncha iliyochongoka na kona zake zimelala kidogo. Ukiiweka kwenye skrubu ya Kijapani haifiki chini. Inakaa juu juu, ukikaza inapanda, inateleza, inakula kichwa. Yeye alilijifunza kwenye kabureta za Honda za zamani, ambazo skrubu zake ukizila umemwua mtu. Akatoa bisibisi yake, ncha amekwisha kuisaga kwenye jiwe, butu kidogo tu, ukiitazama huoni tofauti. Akaiingiza kwenye skrubu moja nzima, akaachia mkono. Ikasimama yenyewe, haikuyumba. Kwa zile zilizolika akakata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakiweka katikati ya bisibisi na skrubu, akagandamiza kwa uzito wa bega, akazungusha. Tatu zikatoka. Ya nne ikagoma, na iko mle mpaka leo. Waya akapishanisha upya kwa risasi. Kapasita nikazitafuta kwenye redio mbovu ya marehemu baba, akazichomea. Pesa akakataa kutaja kiasi, nikampa elfu tano na mbegu za figiri.

Gari likaenda mbele.

Sasa kuna jambo nililiruka kule juu, na limekuwa likinikaa kooni. Nilipomwonyesha yule mzee skrubu, alizigeuza akasema mbili zimelika kitambo, kutu imeshaanza, na mbili ni za juzi. Nikanyamaza. Wakati wa kujenga nilitumia bisibisi ya dukani kwangu, ya nyota, ile ninayofungulia pampu za kupulizia dawa. Nilisikia inateleza. Nilijua. Nilikaza hivyo hivyo, usiku, kwa tochi mdomoni, nikafunika na stika. Kwa hiyo kijana yule alikuta mbili tayari hazishikiki, na labda ndiyo maana alihangaika. Mbili kwa mbili, basi. Kwenye tathmini hii nilitaka kumpa nyota moja, zifanye mbili. Simu mpelekee, kwa simu mkono wake ni mwepesi. Kioo cha binti yangu alikibadilisha mwaka juzi na hakijasumbua.

Na ile skrubu ndefu. Mama watoto alipofua koti langu, lile la Jumapili, akaiweka mezani bila kusema neno, karibu na sahani yangu. Nadhani niliitoa mwenyewe pale uwanjani, baada ya jiwe, nikichungulia gia, nikaitia mfukoni nisiipoteze. Sijarudi kumwambia. Napita upande wa pili wa barabara, najifanya nasoma mabango.

Lakini kapasita je? Nazo zilikuwa kwenye koti?