Sindano ya mwezi ya dawa za akili: inachofaa na inapoharibika

Flufenazini dekanoeti, sindano ya mwezi ya wagonjwa wa akili, ambayo wengi huiita Modecate hata kichupa kikiwa na jina la kampuni nyingine, huja katika kichupa kidogo cha mililita 1 (mili 1) chenye miligramu 25. Ndani kuna umajimaji mzito wa njano hafifu. Ni mafuta ya ufuta, zao lile lile linalojaza maghala ya Lindi kila msimu. Kwa hiyo mtu ambaye akila ufuta huvimba midomo au hutoka vipele hachomwi dawa hii, na katika mikoa yetu swali hilo halina kisingizio cha kusahauliwa.

Mafuta hayo hukaa ndani ya msuli wa tako na kuachia dawa kidogo kidogo. Ikiingia kwenye damu, vimeng'enya hukata kile kipande cha dekanoeti, inabaki flufenazini tupu, nayo huenda kuziba vipokezi vya dopamini kwenye ubongo. Dopamini ikizidi katika njia moja ya ubongo, mtu husikia sauti zisizokuwapo na kushuku kila jirani. Ikizibwa, sauti hupungua. Tatizo ni kwamba dopamini hiyo hiyo ndiyo inayolainisha mwendo wa viungo, na ndiyo inayoizuia tezi ya pituitari isitoe homoni ya maziwa kiholela. Dawa haichagui njia. Kukakamaa, kutetemeka, hedhi kukata na maziwa kutoka kwa asiyenyonyesha vyote vinatoka hapo.

Kwa mgonjwa wa Liwale au Nanyumbu ambaye vidonge vya haloperidoli, dawa nyingine ya akili, vimemshinda, si kwa ukaidi bali kwa sababu ya umbali na barabara za masika, hatuoni kitu cha bei ya kawaida kinachoishinda sindano hii. Mama wa nyumbani hahesabu vidonge wala hagombani na mtu kila jioni. Ila ina sifa moja ambayo lazima ikubaliwe kabla ya kichupa kuvunjwa: ikishaingia, haitoki. Kidonge ukikiacha leo, kesho kutwa mwili umeanza kupumua. Hii itaendelea kutoka kwenye mafuta kwa wiki kadhaa, upende usipende. Kwa mtu ambaye hajawahi kutumia dawa za kundi hili, aanze na vidonge kwanza.

Dozi ya kwanza ni ya majaribio: nusu mili, yaani miligramu 12.5, na kwa mzee nusu ya hiyo. Asubiriwe siku 4 hadi 7. Kinachofuata kwa kawaida ni miligramu 25 kila wiki 4, ingawa daktari anaweza kupanga kati ya siku 14 na 35. Wapo wanaochoma mili 2 kwa mpigo "ili zitoshe miezi miwili" kwa mtu anayetoka mbali. Hesabu hiyo ni ya dukani, si ya mwilini. Dawa hupanda kwenye damu ndani ya siku moja ya kwanza, kwa hiyo dozi maradufu humpa mgonjwa madhara maradufu wiki ya kwanza, na mwezi wa pili anabaki bila kinga ya kutosha.

Uchomaji nao una mambo yake. Bomba na sindano viwe vikavu kabisa. Tone la maji tu na mafuta yanageuka ukungu. Tumia sindano yenye kitako cha kijani, namba 21. Ile ya bluu ni nyembamba, mafuta hayapiti, mchomaji anasukuma kwa nguvu hadi bomba linachomoka na nusu ya dozi inaishia kwenye glavu. Vuta ngozi pembeni, choma kwa kina, sukuma taratibu, ngoja kidogo, toa, kisha achia ngozi. Usisugue. Mwezi ujao upande wa pili. Vichupa vikae mbali na jua na visiwekwe kwenye friji.

Madhara yenyewe yana ratiba, na anayeijua ratiba hababaiki. Siku 5 za kwanza ni za misuli kubana: shingo inapinda, macho yanageukia juu, ulimi unatoka au taya linakaza. Vijana wa kiume ndio hupatwa zaidi. Nyumbani watu husema jini limepanda, na kijana anapelekwa kwa mganga akiwa anateseka na kitu ambacho sindano ya prometazini au dawa ya benziheksoli hukilegeza haraka. Koo likibana asipite popote, aende hospitali saa hiyo hiyo.

Baada ya siku kadhaa hadi wiki chache huja kutotulia, na hapa ndipo kosa kubwa hufanyika. Mama anafika dirishani: "Sista, huyu halali, anazunguka kibarazani usiku kucha, mwongezeeni dawa." Anaongezewa, anazidi kuzunguka. Muulizeni mgonjwa mwenyewe: unatembea kwa kutaka, au miguu haikuachi ukae? Akisema miguu haimwachi, ni dawa. Dozi hupunguzwa, na propranololi, dawa ya moyo na presha, husaidia kama hana pumu. Benziheksoli kwa hali hii haifanyi kazi ya maana.

Wiki kadhaa mbele ni mwendo wa kukokota, uso usio na tabasamu, udenda, mikono kutetemeka. Miaka ikipita, wengine hupata midomo inayotafunatafuna bila chakula. Hii ya mwisho ndiyo tunayoiogopa, maana yaweza isiondoke. Kila miezi 6 mwambieni atoe ulimi na anyooshe mikono, mwangalie dakika moja tu. Ikianza, kumwongezea benziheksoli ni kumwagia petroli kwenye moto.

Na benziheksoli yenyewe tuiseme. Vidonge vya miligramu 2 au 5 hutolewa pamoja na sindano karibu kwa mazoea, na mtu anakaa navyo miaka bila kuulizwa kama bado anavihitaji. Vinakausha mdomo, vinafunga choo, vinazuia mkojo kwa wazee, vinasahaulisha. Vinywewe asubuhi na mchana. Usiku vinafukuza usingizi. Vinapunguza jasho pia, na kwa mtu anayekwangua chumvi juani mashambani Lindi au Kilwa hilo si jambo dogo: mwili unachemka bila njia ya kupoa. Mtaani vina wanunuzi wake, kwa hiyo vikiisha kabla ya tarehe kila mwezi, familia ichunguze.

Homa. Huku kila homa ni malaria mpaka kipimo kikatae, na hakuna ubaya kupima. Lakini mtu wa sindano ya mwezi akipata homa kali, mwili ukiwa mgumu kama ubao, jasho linamtoka na maneno hayaeleweki, kipimo cha malaria kikisoma chochote kile, anatakiwa kulazwa. Presha na mapigo hupanda na kushuka, misuli huharibika na figo hufuata. Ni nadra, ila huua, na kwa kuwa mafuta bado yamo mwilini uangalizi huchukua muda mrefu kuliko kwa mtu wa vidonge. Asichomwe tena.

Msimu wa mabibo uraka, pombe ya mabibo, huwa kila mahali. Ukichanganyika na dawa hii mtu hulala mzigo na akisimama ghafla anaanguka. Kunenepa si shida kubwa hapa ukilinganisha na olanzapini, dawa nyingine ya akili, ambayo hupandisha uzito na sukari, ingawa kwa viungo ni laini zaidi. Kuungua na jua ni kero ya klopromazini, nayo dawa ya akili, zaidi.

Akiacha sindano, wiki nyingi za kwanza huonekana mzima, familia inasema amepona. Ugonjwa hurudi wakati kila mtu ameshasahau tarehe ya mwisho ya kliniki. Ndiyo maana kadi iandikwe tarehe, dozi, upande uliochomwa na namba ya toleo kutoka kwenye kichupa. Namba hiyo ndiyo itakayohitajika pia kwenye fomu ya njano ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, likitokea dhara.