Draiva ya mtengenezaji au ASIO4ALL kwa kompyuta kuukuu ya kurekodia

Kompyuta ya Windows 7 inapoanza kukatakata sauti katikati ya wimbo, mwenye studio ya nyumbani huwa na njia mbili: kutafuta draiva (programu inayounganisha Windows na kifaa) ya ASIO, yaani mfumo wa kupitisha sauti kwa ucheleweshaji mdogo, iliyoandikwa na mtengenezaji wa kadi yake ya sauti, au kusakinisha ASIO4ALL, ambayo ni ya bure na hukubaliana na kadi nyingi.

Draiva ya mtengenezaji imeandikwa kwa ajili ya kifaa hichohicho, hivyo mara nyingi bafa, yaani akiba ndogo ya sauti inayosubiri kuchakatwa, hushuka hadi sampuli (vipande vidogo vya sauti) 128 bila sauti kupasuka. Kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, hizo ni takriban milisekunde 3, na mwimbaji hahisi sauti yake ikimrudia kwa kuchelewa. Kasoro yake ni umri wa kompyuta: ikiwa na Windows ya biti 32, draiva ya biti 64 haiikubali kabisa, jambo nililoligundua baada ya kupoteza jioni nzima.

ASIO4ALL si draiva kamili, bali ni daraja linalopitia draiva ya WDM, ile ya kawaida ya Windows, iliyopo tayari. Kwa hiyo ile ya chini ikiwa mbovu, daraja haliiponyi. Isitoshe, hutaka kukishika kifaa peke yake, hata kivinjari kinachocheza video kikaweza kuizuia.

Kwa kadi ya nje ya USB, ningeanza na draiva ya mtengenezaji. Kwa kadi iliyomo kwenye ubao mama, ASIO4ALL yenye bafa ya sampuli 256 inatosha.