Godoro la nne kwa sita kwa kila mtoto: tathmini ya kituo cha kulelea watoto mjini Reading

Mwanangu amekaa katika kituo hiki miezi mitano sasa, tangu alipokuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi miwili. Kabla ya kumwandikisha nilikitembelea mara mbili, na mara ya pili nilimwomba meneja aniruhusu kupima vyumba kwa tepu, naye akakubali bila kinyongo. Sitakitaja kituo kwa jina, kwa kuwa sehemu ya ninayoyaandika hapa ni malalamiko. Nawaandikia wazazi wenzangu waishio Uingereza ambao, kama mimi, waliambiwa kwamba kituo kina usajili wa Ofsted, idara ya serikali inayokagua shule na vituo vya watoto England, na wakadhani kwamba suala la nafasi limekwisha hapo.

Kanuni za England (Scotland na Wales zina zao) zinataka kila mtoto aliye chini ya miaka miwili apate mita za mraba 3.5 ndani ya chumba, mwenye miaka miwili apate 2.5, na wa miaka mitatu hadi mitano apate 2.3. Kwa sisi tuliozoea kupima vitanda kwa futi, mita za mraba 2.3 ni zaidi kidogo tu ya godoro la nne kwa sita, na zile 3.5 za mtoto mchanga zinazidi kidogo godoro la sita kwa sita. Ni vyema mzazi akilitandika godoro hilo kichwani mwake kila anapoingia chumba cha kituo, kisha akahesabu watoto.

Chumba cha wachanga ndicho kilichonivutia, na bado ninakisifu. Kina urefu wa mita 5.6 na upana wa mita 4.2, yaani mita za mraba 23.5, na ukigawa kwa 3.5 unapata watoto sita na kibakisho. Kituo kinapokea watoto sita, wala hakijajaribu kumbana wa saba. Hesabu hiyo inaafikiana na kanuni nyingine, ile ya mlezi mmoja kwa watoto watatu walio chini ya miaka miwili, kwani mtoto wa saba angelazimisha kuajiriwa mlezi wa tatu. Vigodoro vya kulalia hutandikwa wakati wa usingizi na kurundikwa baadaye nje ya chumba, hivyo sakafu hubaki wazi kwa watoto wanaotambaa na wanaojifunza kusimama. Mwanangu alianza kutembea pale, akivuka chumba kizima bila kugonga kitu, na siku walezi waliponisimulia nilishukuru sana kwamba nilimpeleka.

Chumba cha watoto wa miaka miwili hakina kasoro kubwa, kwa hiyo sitakaa nacho.

Tatizo lipo katika chumba cha watoto wa miaka mitatu na minne. Kina mita 8 kwa 6, na meneja aliniambia kwamba kinabeba watoto 20, hesabu inayoonekana sahihi kabisa ukigawa 48 kwa 2.3. Lakini kanuni haizungumzii ukubwa wa chumba kutoka ukuta hadi ukuta. Inazungumzia eneo linalotumika, baada ya kuondoa sehemu za kuhifadhia vitu, njia za kupita, jiko, vyoo, mahali pa kutundika makoti na sehemu za wafanyakazi. Chumba hiki ndicho njia ya pekee ya kwenda vyooni, kwa hiyo ukanda wa upana wa mita 1.2 unakikata kutoka upande mmoja hadi mwingine na kula mita za mraba 7.2. Makabati ya akiba yaliyopangwa ukutani, yenye urefu wa mita 4 na kina cha sentimita 60, yanakula nyingine 2.4. Zinabaki 38.4, nazo zinatosha watoto 16. Tofauti ya watoto wanne inaonekana dhahiri saa ya chakula cha mchana, meza zote zinapokuwa wazi na mtoto mmoja akitaka kwenda chooni, kwa sababu watatu hulazimika kuinuka ili apite.

Nilimweleza meneja hesabu yangu kwa maandishi. Alijibu kwa heshima kwamba watoto huchezea pia kwenye ule ukanda, hivyo yeye huuhesabu. Sikubaliani naye. Mtoto anayejenga mnara wa vibao mahali ambapo wenzake wanapita kila dakika hajapewa nafasi ya kuchezea, na ninaamini ndiyo sababu njia za kupita zikatajwa miongoni mwa sehemu zisizohesabiwa.

Ua wa nje ni safi, umezungushiwa uzio mzuri, ila ni mdogo, na makundi hutoka kwa zamu. Hapa siwezi kukilaumu kituo kwa kuvunja kanuni, maana England inadai tu kuwe na mahali pa kuchezea nje au watoto watolewe nje kila siku, bila kutaja kipimo kwa kila mtoto. Australia inadai mita za mraba 7 nje kwa kila mtoto, na California inadai futi za mraba 75, ambazo ni karibu sawa na hizo. Ningependa sana England nayo iweke kipimo, hasa sasa ambapo tangu Septemba 2025 wazazi wengi wanaofanya kazi wanalipiwa na serikali saa 30 kwa wiki kuanzia mtoto anapotimiza miezi tisa, na mahitaji ya nafasi yamepanda.

Kwa mzazi mwenye mtoto wa chini ya miaka miwili, ninakipendekeza kituo hiki kwa moyo mkunjufu, kwa ajili ya chumba chake na kwa ajili ya walezi wake. Kwa mtoto wa miaka mitatu sikipendekezi hadi idadi ipungue. Mwezi uliopita makabati yalihamishiwa kwenye korido, hatua iliyorudisha nafasi ya mtoto mmoja, lakini nilipopita juzi ndoano za makoti zilikuwa bado 20, kila moja na jina lake.