Ibanez AR300 ya 1980: uzoefu wangu wa kuhakiki umri wa pikapu zake

Kwa mtu anayetafuta gitaa la umeme kuukuu la Kijapani lenye pikapu (vipokezi vya sumaku vinavyonasa mtikisiko wa nyuzi) zinazoweza kuhakikiwa bila kubahatisha, AR300 ndilo ninalolipendekeza kwanza. Lilitengenezwa na kiwanda cha FujiGen cha Japani, na pikapu zake zilitoka Nisshin Onpa, kampuni inayojulikana zaidi kwa jina lake la Maxon. Sauti yake ni nzito na noti hukaa muda mrefu. Linachosha bega kidogo, kwani mbao ni nene na chini ya daraja linaloshika nyuzi mwilini pamefichwa kipande cha shaba nyeupe.

Anza na namba iliyo nyuma ya kichwa cha gitaa. Kuanzia 1975 hadi 1986 Ibanez za FujiGen zilitumia herufi moja ya mwezi, A ikiwa Januari na L Desemba, kisha tarakimu mbili za mwaka na nne za mfuatano wa mwezi huo. D801234 ni gitaa la Aprili 1980. Mtego uko kwenye F. Mwaka 1987 mpango ulibadilika: F ikawa alama ya FujiGen, ikifuatwa na tarakimu moja tu ya mwaka na tano za mfuatano. Kwa hiyo F801234 yaweza kuwa Juni 1980, na yaweza pia kuwa 1988. Namba peke yake haikati shauri hapo, tazama gitaa lenyewe. Likiwa na daraja la kufunga nyuzi kwa skrubu na mkono wa kutikisa, hilo si la 1980, muuzaji aseme atakavyo.

Namba hiyo ni ya gitaa. Pikapu haiijui. Tarakimu utakazozikuta zimepigwa chini ya pikapu ni za kiwanda kingine, kwa hiyo usizisome kwa jedwali la Ibanez la A hadi L. Jina nalo lina mipaka. Pikapu zinazoitwa Super 70 ni za mwishoni mwa miaka ya 1970 na Super 58 zikafuata, lakini jina la Super 58 limeendelea kutumika kwenye magitaa mapya kabisa. Anayeuza "Super 58 asilia" kwa jina tu hajathibitisha chochote.

Kuzitoa ni kazi ya dakika chache, ila tumia bisibisi ya JIS, kiwango cha Kijapani. Skrubu hizi zinafanana na za nyota za kawaida, lakini ncha ya kawaida huteleza na kula vichwa, na skrubu iliyoliwa kichwa kwenye gitaa la zamani hushusha bei. Legeza nyuzi, funika mbao kwa utepe wa karatasi, fungua skrubu nne za fremu, kisha geuza pikapu taratibu bila kuvuta waya. Angalia maungio ya waya kabla ya tarakimu. Risasi ya kulehemu ya kiwandani imefifia rangi na iko sawa kila mahali. Mabaki ya kahawia ya dawa ya kulehemu, waya uliounganishwa katikati au bomba la plastiki lililosinyaa kwa moto vinaashiria kwamba huenda kuna aliyekwisha kuingia humo. Tazama pia potenshometa, yaani vipande vya ndani vinavyozungushwa na vitufe vya volyumu na toni. Namba inayoanza na 137 ni ya kampuni ya CTS ya Marekani: 1378512 ni wiki ya 12 ya 1985. Ukiikuta ndani ya gitaa la 1980, nyaya zimeshafumuliwa, hivyo pikapu nazo zikaguliwe kwa jicho kali zaidi. Vitufe vilivyolegea au vilivyolazimishwa ni dalili ya namna hiyo hiyo, maana shina la potenshometa la Kijapani lina meno 18 na la Kimarekani 24.

Sasa maltimita, kifaa cha kupimia umeme, na hapa ndipo AR300 linapoyashinda mengine. Swichi ndogo ya Tri-Sound huunganisha koili mbili za pikapu (mizingo ya waya wa shaba) kwa mfuatano, huacha moja tu, au huziweka sambamba. Chomeka waya kwenye tundu, chagua pikapu moja, fungua volyumu yote, weka kipimo cha kilo-omu 20, na usiguse nyuzi. Pikapu yenye ukinzani wa kilo-omu 8 itasoma 7.87 kwa sababu volyumu ya kilo-omu 500 iko sambamba nayo. Ukigeuza swichi utapata karibu 4, kisha karibu 2. Koili moja ikikatika, kwenye mfuatano maltimita huonyesha imepita kiwango (ukipandisha kipimo utasoma karibu 500, ambayo ni volyumu tu), na sambamba husoma 4 badala ya 2. Gitaa kama hilo bado linatoa sauti kwenye nafasi ya sambamba, na ndivyo wanunuzi wanavyopitwa.

Usikatae pikapu kwa tofauti ndogo. Shaba huongeza ukinzani kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzijoto moja ya Selsiasi, hivyo 8.00 iliyopimwa Japani kwenye nyuzi 20 itasoma 8.31 Dar es Salaam kwenye nyuzi 30.

Kwa matumizi ya jukwaani nafasi ninayoipenda ni ya sambamba: sauti inang'aa bila mvumo wa umeme, na sebene inasikika noti kwa noti. Koili moja ina mvumo na nguvu inashuka. Mfuatano niliuachia solo zenye sauti ya kukwaruza (distortion).

Bei ya muuzaji ikiwa imejengwa juu ya neno "asilia", mwombe picha tatu kabla ya kulipa: nyuma ya kichwa, chini ya kila pikapu, na ndani ya shimo la potenshometa. Aliye na picha ya kwanza tu anauza gitaa, basi mpe bei ya gitaa bila nyongeza ya pikapu.