Kalamu ya Lantus SoloStar: nzuri, ila haitaki haraka

Ndani ya kalamu hii ya kijivu, ya kudungia dawa ya kisukari, mna mililita 3 za insulini glajini, jumla yuniti 300. Ni insulini ya msingi: hudungwa mara moja kwa siku, saa ileile, na hufanya kazi kwa takriban saa 24, ikilizuia ini lisimwage sukari ovyo usiku na kati ya milo. Dawa yenyewe ina asidi. Ikifika chini ya ngozi asidi hupungua makali, insulini inaganda kuwa chembe ndogo mno, kisha zinayeyuka polepole. Ndiyo maana haichanganywi na insulini nyingine, wala haifai kushusha sukari iliyopanda baada ya kula.

Dozi huzungushwa kuanzia yuniti 1 hadi 80. Ukipitiliza unarudisha nyuma bila kupoteza dawa, mradi usibonyeze kitufe huku unazungusha.

Wengi wanaolalamika kwamba "kalamu haitoi dawa" wameruka jaribio la yuniti 2. Hufanywa kila mara kabla ya dozi: funga sindano mpya, vua vifuniko vyote viwili, zungusha hadi 2, elekeza sindano juu, gonga kidogo ili mapovu yapande, bonyeza. Lazima tone lionekane. Lisipotoka, rudia hadi mara mbili, halafu badilisha sindano. Bado? Usiitumie. Jaribio hilo linakula dawa, kwa hiyo piga hesabu: anayedunga yuniti 10 hutumia 12 kwa siku, na kalamu inamtosha siku 25.

Kosa la pili ni kuchomoa mapema. Dirisha la dozi kwenye kalamu likishasoma 0, endelea kushikilia kitufe na uhesabu taratibu hadi 10; vinginevyo sehemu ya dozi inabaki ikining'inia kwenye ncha. Sindano iondoe mara moja, maana ikiachwa dawa huvuja na hewa huingia. Hamisha pia mahali pa kudunga, kwa sababu penye uvimbe wa mafuta dawa hufyonzwa bila mpangilio.

Kasoro ya umbo ipo: dozi kubwa huchomoza kitufe mbali, jambo linalowatesa wenye vidole dhaifu.

Ambayo haijaanza kutumika ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, isigande. Ikishaanza, iweke nje chini ya nyuzi 30 na uitupe baada ya siku 28, hata ikiwa imebaki nusu. Ikiwa na ukungu badala ya kuwa angavu kama maji, usiidunge.