Uzoefu wangu na kumbukumbu ya mtandaoni ya farasi wa mbio: nilivyomfuatilia Galileo nikiwa Mwanza

Tangu msimu uliopita wa mbio za Ulaya nimekuwa mteja wa kulipia wa huduma moja ya mtandaoni inayohifadhi rekodi za farasi wa mbio: matokeo, video, chati za nasaba na orodha za watoto wa kila dume. Huduma za aina hii zipo kadhaa, na kwa kuwa nina lawama juu ya hii yangu, sitaitaja jina. Kazi yangu ni uhimilishaji wa ng'ombe, yaani kuwapandisha kwa mbegu za mrija bila dume, katika Wilaya ya Misungwi na viunga vya Jiji la Mwanza, na kilichonifanya nilipie si kamari. Nilitaka kuona watu wenye fedha nyingi na kumbukumbu ndefu wanavyochagua dume, maana kitabu kikuu cha nasaba cha thorobredi, aina ya farasi wanaofugwa kwa ajili ya mbio, kilianza kuchapishwa Uingereza mwaka 1791, ilhali ng'ombe wengi ninaowahudumia nasaba yao imo kichwani mwa mwenye zizi peke yake.

Kujiunga ni rahisi. Malipo hupita kwa kadi ya mtandaoni inayotolewa na kampuni za simu, na video hufunguka kwa bando la kawaida hata nikiwa Mabuki, ilimradi nipunguze ubora wa picha. Usumbufu uko kwenye vipimo. Umbali umeandikwa kwa felongi, ambayo kila moja ni mita 201 hivi; uzito anaobeba farasi umeandikwa kwa stoni, ambayo ni kilo sita na theluthi moja hivi; na bei za mnadani zimeandikwa kwa gini, ambayo ni pauni moja na peni tano za Uingereza. Hakuna kitufe cha kubadilisha chochote kati ya hivyo. Saa za mbio nazo ni za London, kwa hiyo wakati wa kiangazi chao inabidi uongeze saa mbili kila mara. Mtu anayelipa sawa na mteja wa Newmarket, mji wa mbio za farasi Uingereza, angestahili kuhudumiwa vizuri zaidi ya hapo.

Ili kuipima huduma yenyewe nilimchagua farasi mmoja nikamfuata tangu kuzaliwa hadi kufa. Nilimchagua Galileo, aliyezaliwa tarehe 30 Machi 1998, baba yake Sadler's Wells na mama yake Urban Sea, kwa sababu maisha yake yana sehemu mbili zisizolingana hata kidogo: alikimbia mbio nane tu, kisha akawa dume wa mbegu kwa takriban miaka ishirini.

Upande wa mbio, huduma hii naisifu bila kigugumizi. Mbio zote nane zimewekwa kwa mpangilio, kila moja ikiwa na aina ya uwanja, umbali, uzito, jina la mpanda farasi na nafasi kati ya farasi mmoja na mwingine. Unaanza na ushindi wake wa kwanza Leopardstown, Ayalandi, Oktoba 2000, alipowaacha wenzake kwa urefu wa farasi 14, na unaweza kufuata mkufunzi wake Aidan O'Brien alivyompitisha kwenye mbio mbili za majaribio katika majira ya kuchipua kabla ya kumpeleka Epsom, Uingereza. Pale, Juni 2001, akiwa na Mick Kinane mgongoni, alishinda Derby, mbio kubwa za farasi wa miaka mitatu, kwa urefu wa farasi watatu na nusu, nyuma yake akiwamo Golan aliyekuwa ameshinda mbio nyingine kubwa, 2000 Guineas, mwezi uliotangulia. Akaongeza Derby ya Ayalandi kwenye uwanja wa Curragh, kisha mbio za King George kule Ascot, ambako aliwakuta farasi waliomzidi umri na bado akamshinda Fantastic Light.

Kinachonipa imani na kumbukumbu hii ni kwamba haifichi kushindwa. Septemba 2001 Fantastic Light alilipa kisasi Leopardstown kwa tofauti ya kichwa, na video yake ndiyo niliyoitazama mara nyingi kuliko zote, kwa sababu mtu anaona wazi kwamba Galileo hakukata tamaa hata alipokwisha kupitwa. Mwezi uliofuata alipelekwa Belmont Park, New York, kukimbia kwenye udongo badala ya nyasi alizozizoea, akamaliza wa sita. Hapa huduma inasaidia kweli: aina ya uwanja imewekwa kando ya matokeo, hivyo msomaji hahitaji kuambiwa kwamba farasi huyu hakuharibika ghafla, bali mazingira ndiyo yaliyobadilika. Nawajua wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kando ya ziwa ambao wangefaidika na safu ya namna hiyo, kwani tunalaumu damu ya mnyama pale ambapo lawama ni ya malisho na kupe.

Ukibonyeza sehemu ya uzalishaji, hali inabadilika. Galileo aliingia kazini kwenye shamba la kuzalisha farasi la Coolmore, Tipperary, Ayalandi, mwaka 2002. Msomaji aliyezoea mitungi yetu ya naitrojeni na mirija ya mbegu kutoka kituo cha uhimilishaji cha Usa River inabidi ajue kwanza kwamba farasi wa aina hii hawasajiliwi wakizaliwa kwa uhimilishaji. Jike lazima apelekwe kwa dume na kupandwa kwa njia ya asili. Anabeba mimba miezi kumi na moja hivi, na kila mtoto aliyezaliwa kaskazini mwa Ikweta huhesabiwa kutimiza mwaka mmoja tarehe 1 Januari, kwa hiyo msimu wa kupandisha ni mfupi na nafasi za dume bora ni chache. Haya yote huduma hii haiyaelezi popote. Inakupokea kwa jumla kubwa kubwa: dume bingwa wa Uingereza na Ayalandi mara 12, yaani mwaka 2008 na kila mwaka kuanzia 2010 hadi 2020, baba wa washindi watano wa Derby ya Epsom, ambao ni New Approach, Ruler Of The World, Australia, Anthony Van Dyck na Serpentine, na baba wa Frankel, aliyekimbia mara 14 na kushinda zote 14.

Hizo ni takwimu za kweli na zinavutia. Tatizo ni kwamba zote zinahusu waliofaulu tu. Ubingwa wa dume hupimwa kwa jumla ya fedha walizoshinda watoto wake katika mwaka mmoja, na jumla haina budi kumpendelea mwenye watoto wengi. Ili nijue thamani ya dume nahitaji kuona watoto wote waliozaliwa, wangapi walifika uwanjani, wangapi walishinda, na wangapi hawakufaa kitu. Katika ukurasa wa Galileo washindi wameorodheshwa kwa majina na rangi za kupendeza, lakini idadi ya waliozaliwa haionekani. Afisa mifugo akiniletea rekodi ya fahali iliyoandikwa hivyo, ningemrudishia siku hiyo hiyo.

Lipo pia suala la mama, na hapa ndipo ninapotofautiana zaidi na waandaaji. Siku moja nilikuwa Usagara kwa mzee mmoja anayenipigia simu kila ng'ombe wake anapokuwa kwenye joto, nikamwonyesha Galileo kwenye simu na kumsimulia mataji yake. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa bwana mifugo, mama yake katoka kwenye zizi gani?" Swali hilo kwenye huduma hii linakufikisha kwenye jina tu na chati. Ni mimi niliyelazimika kufungua ukurasa wa Urban Sea kando, na humo kuna habari nzito: mwenyewe alishinda Prix de l'Arc de Triomphe (Arc), mbio kubwa za Ufaransa, mwaka 1993, na baada ya kumzaa Galileo kwa Sadler's Wells alimzaa Sea The Stars kwa dume mwingine kabisa, Cape Cross. Sea The Stars naye akashinda Derby, mwaka 2009. Madume wawili tofauti, jike mmoja, Derby mbili. Ukurasa wa Galileo hausemi lolote kuhusu hilo.

Jambo hilo hilo linajirudia kwa watoto wake. Mama yake Frankel, aitwaye Kind, ni binti wa dume Danehill. Mama yake Teofilo vilevile. Mwaka 2019 Galileo aliipita rekodi ya Danehill ya kuzaa washindi wa mbio za daraja la kwanza, na sehemu ya washindi hao walizaliwa na mabinti wa Danehill mwenyewe. Mfugaji yeyote angependa kuchambua watoto wa dume kwa kufuata babu wa upande wa mama. Kichujio hicho hakipo, nami nilifanya kazi hiyo kwa daftari na kalamu.

Chati za nasaba zenyewe ni nzuri, na babu anayejirudia hupakwa rangi. Mfungue Enable, aliyeshinda Arc mwaka 2017 na 2018: baba yake ni Nathaniel, mtoto wa Galileo, na mama yake ni binti wa Sadler's Wells, kwa hiyo jina la Sadler's Wells linawaka pande zote mbili, tena karibu sana. Wafugaji ninaowazuia kuacha fahali apande wajukuu zake wasiuone ukurasa huu, kwa sababu unaonyesha aliyefaulu tu.

Kwa anayetaka historia na video za mbio, napendekeza alipie mwezi mmoja mmoja, si mwaka, na azime ujisasishaji wa malipo mapema kwani umewashwa tangu mwanzo. Kwa anayefuatilia uzalishaji, kifurushi cha kawaida hakitoshi. Niliwaandikia huduma kwa wateja kuuliza idadi ya watoto wote wa Galileo na kichujio cha upande wa mama; walinijibu kwa heshima kwamba vyote viwili vinapatikana katika kifurushi cha wafugaji, ambacho bei yake ni mara kadhaa ya hiki changu. Nimebaki na cha kawaida hadi msimu uishe, na daftari langu bado linaendelea kujaa.