TAHADHARI: Wakala wa PhD anayeuza "maprofesa" hapa Nairobi

Wenzangu mnaosaka nafasi ya uzamivu ng'ambo, kaeni chonjo. Kuna wakala mwenye kiofisi orofa ya tatu, upande wa Tom Mboya hapa mjini, anayedai kuwatafutia watu msimamizi na ufadhili. Amenila shilingi 45,000, nimebaki na karatasi.

Hana pupa. Siku ya kwanza alinipa chai, akasoma pendekezo langu la utafiti (nadhani alisoma kichwa tu), akasema kuna profesa Ujerumani "ameshalipenda". Ada ya usajili, 15,000. Wiki mbili baadaye ikaja barua ya kukubaliwa, ina nembo ya chuo na saini. Nikalipa 30,000 nyingine za "kushika nafasi", kwa M-Pesa, na jina lililotokea halikuwa lake. Hapo ningeshtuka. Lakini ukishawaambia watu wa nyumbani kwamba unaenda Ujerumani, macho hayaoni tena.

Kilichonizindua ni tamaa yake mwenyewe: alinipigia akaniambia ana Chevening ya PhD, niongeze 20,000. Chevening ni ya serikali ya Uingereza na hulipia uzamili wa mwaka mmoja. Ya uzamivu haipo. Nikairudia ile barua ya profesa, kumbe ilitumwa kutoka Gmail. Nikaingia tovuti ya chuo, nikapata anwani yake halisi, nikamwandikia. Yupo kweli, na jina ni lake, ila mimi hanijui na barua hiyo hakuiandika.

Mkora huyu anajua tunapoumia. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, wanapofadhili uzamivu wa kule hutaka barua ya profesa aliyekubali kukusimamia, na hiyo ndiyo inayotutoa jasho. Unaandika kumi, hujibiwi hata moja. Ndipo anapokuuzia karatasi. Kumbe DAAD hawatozi ada ya maombi, ufadhili wa Commonwealth (Jumuiya ya Madola) vilevile, na DAAD wana ofisi hapa hapa Nairobi. Nauli ya matatu tu ingeniponya.

Msimamizi jitafutie mwenyewe. Soma makala zake mbili tatu za karibuni, kisha mwandikie barua pepe fupi: unataka kuchunguza nini, kwa nini yeye, na wasifu wako uuambatishe. Barua moja iliyotumwa kwa maprofesa ishirini hujulikana mara moja. Muulize pia kama ana mradi wenye pesa. Uswidi, kwa mfano, nafasi nyingi za uzamivu hutangazwa kama kazi yenye mshahara, na zile za Umoja wa Ulaya ziko kwenye tovuti ya EURAXESS, kuzitazama ni bure.

Pesa yangu, Safaricom kupitia 456, namba yao ya kurudisha pesa za M-Pesa, hawakuweza kuirudisha, ilikuwa imeshatolewa. Nimeripoti polisi, nina nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi). Kama nawe ulimlipa, niandikie faraghani, uje na jumbe zako za M-Pesa twende pamoja.